Kitufe cha Nane

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, naomba msaada wako, na kwanza naomba usinicheke, maana najua ukiona mtu mzima mwenye karakana yake na mvi mbili tatu za kidevuni anakuandikia habari za gemu utasema huyu kakosa kazi, lakini nisome mpaka mwisho ndipo uamue kama haya ni mambo ya gemu au ni mambo ya nyumba.

Mimi ni fundi wa vitu vya umeme, pasi, feni, redio, birika, chochote chenye waya unaoingia ukutani, na mke wangu ni fundi wa nguo, yeye anashona chumba cha mbele na mimi nipo chumba cha nyuma, katikati yetu kuna pazia tu, na kwa kuwa sote ni mafundi yeye huniita Fundi na mimi humwita Fundi, kiasi kwamba mteja akiingia na kuita fundi tunaitika wawili. Mke wangu ana ndugu mmoja tu duniani, kaka yake, ambaye ndiye shemeji yangu, na kazi ya shemeji ni kukata na kusugua vioo vya miwani, mtu mwenye jicho, Shangazi, anaweza kukuonesha mkwaruzo kwenye kioo ambao wewe hata ukiwekewa kidole juu yake huuoni, na hili la jicho lake naomba ulishike kwa sababu ndilo linaloninyima raha.

Kila Jumapili mchana shemeji huja kwetu tukacheza gemu ya kupigana, na hatuchezi kwa vile vidude vya kushika mkononi ambavyo watu wanaviita pedi, sisi tuna masanduku, yale mapana ya kuweka mapajani, kushoto kuna kijiti chenye kirungu cha mviringo juu yake na kulia kuna vitufe vinane vikubwa vya kupiga kwa vidole, kama zile mashine za zamani za kusimama ambazo ulikuwa unatumbukiza sarafu ndipo zinakukubali. Sanduku langu ni langu na lake ni lake, yeye hulibeba begani ndani ya mfuko wa turubai aliotengenezewa na dada yake. Katika gemu yetu vitufe vitatu ni vya ngumi, vitatu vya mateke, cha saba ni cha kumshika mwenzako na kumbwaga, na cha nane, kile cha pembeni kabisa cha kidole kidogo, ni cha kukinga, ukikishika mtu wako anainua mikono na kipigo hakimwingii.

Sasa sikiliza. Kwa miaka sita nimekuwa namshinda shemeji. Simshindi kila mara, la, lakini tukicheza kumi mimi huchukua sita au saba, na mara nyingi ni kwa pumzi ya mwisho, watu wetu wote wawili kwenye gemu wamebakiza damu kidogo, jasho linatutoka, ndipo namaliza. Wateja wa mke wangu wameshazoea kelele zetu na wananiita Bingwa, na mimi nilivimba kichwa, sitakudanganya, nikampa shemeji jina la Mlango Wazi kwa sababu yeye hakingi kabisa, anashambulia tu na kuruka na kukwepa, na kila nikimpiga nilikuwa namwambia ajifunze kufunga mlango. Yeye alikuwa anacheka tu na kusema mimi ndivyo nilivyo, shemeji.

Mwezi uliopita mashine yetu ya zamani ilikufa, na nasema ilikufa kwa maana ya kufa, nimeifungua mara tatu. Mfanyakazi mwenzake shemeji akampa mashine nyingine, ya kisasa zaidi, lakini masanduku yetu hayawezi kuingia pale kwa sababu plagi ni tofauti, na hata ukibadilisha plagi mashine mpya haielewi yanachosema. Shemeji akaleta sanduku lake, akaliweka mezani kwangu na kusema nifanye ninavyojua. Mke wangu alikuwepo, akasema, kaka, hilo sanduku limezeeka, achana nalo ununue jingine. Shemeji akasema hapana, hili vidole vyangu vimelizoea, na Fundi yupo, akanitazama mimi. Siku hiyo sikuona chochote katika maneno hayo.

Niruhusu nikueleze kazi yenyewe kwa kifupi, maana mimi ndiyo furaha yangu hiyo. Kitufe hakijui mashine, Shangazi. Kitufe ni nyaya mbili tu, ukikibonyeza zinagusana, ukikiachia zinaachana, basi. Anayejua lugha ya mashine ni ile bodi ya ndani, yeye ndiye mkalimani, anapokea habari kwamba kitufe cha tatu kimebonyezwa kisha anaipeleka kwa mashine kwa lugha yake. Kwa hiyo ukitaka sanduku la zamani lizungumze na mashine mpya huna haja ya kugusa kitufe wala kijiti, unamtoa mkalimani wa zamani na kumweka mpya. Nilitafuta pedi mbili za ile mashine mpya, mbovu za vijiti lakini bodi nzima, nikazipasua na kuanza kuhamisha nyaya moja moja na kuzilehemu. Siku hiyo mteja wa mke wangu alisikia kutoka nyuma ya pazia sauti ya mwanamume ikisema pedi hii nimeshaitoa utumbo, naleta nyingine, akaondoka hata vipimo hajachukuliwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sanduku langu lilikwenda vizuri, nyaya nane za rangi nane, waya mmoja mweusi unaopita kwenye vitufe vyote, nikajaribu, nikafurahi peke yangu kama nimeoa upya. Nikafungua la shemeji. Kitufe cha kwanza mpaka cha saba sawasawa, cha nane waya wake umekatwa. Haukukatika, umekatwa, mkato mmoja safi, na ncha zake mbili kila moja imezungushiwa uzi mizunguko mingi iliyobana na kufungwa fundo kusudi zisigusane na nyaya nyingine. Na mimi, Shangazi, hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo labda ni mafundi tu tunaloweza kulifanya, mkono wangu ukiona waya unaning'inia hauulizi ruhusa, nikakata ule uzi, nikamenya ncha, nikaunganisha, nikaweka risasi ya kulehemu, nikapuliza. Risasi ilipopoa ndipo kichwa kikafika. Nikautazama ule uzi mezani. Ulikuwa wa kijani, kijani ya mapazia ya hospitali, na fundo lilikuwa lile ambalo mke wangu hulifunga chini ya vifungo vya makoti, analizungusha shingoni mwa kifungo mara saba kisha anapitisha sindano katikati, sijaona mtu mwingine anayefunga hivyo.

Nikakaa chini. Nilikaa nikitazama uzi kama saa nzima hivi, pasi ya mtu inaunguza meza upande wa pili. Kwa sababu kijani ile aliishona mwaka mmoja tu, alipopata kazi ya mapazia ya hospitali, miaka sita iliyopita, na uzi uliobaki aliurudisha wote. Na mwaka ule naukumbuka kwa jambo jingine. Kabla ya hapo shemeji ndiye aliyekuwa ananipiga, tena ananipiga vibaya, na Jumapili moja alinipiga mara kumi na tisa mfululizo huku anacheka na kuniuliza kama hilo sanduku langu nimeliweka pambo, nikashindwa kujizuia nikamwambia hii ni nyumba yangu na si kibanda cha gemu, kama amekuja kunitukana mlango anaujua. Akaondoka, sanduku lake akaliacha. Miezi minne hakukanyaga. Mimi sikumwita na yeye hakuja, mpaka mke wangu alipoenda kumchukua mwenyewe siku moja na kurudi naye, akatuwekea chai, akasema chezeni. Tukacheza, na siku ile ndiyo nilimshinda kwa mara ya kwanza.

Sasa unaona, Shangazi. Mke wangu alikata kitufe cha kaka yake ili mimi nishinde. Hilo peke yake lingeniuma lakini ningelimeza. Linalonichanganya ni kaka mtu. Mtu anayeona mkwaruzo usioonekana, anaweza kucheza miaka sita asijue kwamba kitufe chake kimekufa? Angeweza kusema siku ya kwanza, shemeji, sanduku langu bovu, nami nipo hapo hapo na bisibisi. Hakusema. Na mimi ninamwita Mlango Wazi mbele ya wateja.

Kwa kuwa mimi ni mdadisi na siwezi kuacha kitu hivi hivi, nilifanya jaribio. Nikachukua sanduku langu, nikaziba kitufe cha nane kwa selotepu, nikacheza dhidi ya mashine yenyewe, daraja lile la katikati ambalo siku zote nalipita bila kutoka jasho. Nilipigwa, nikarudia, nikapigwa tena, mara tano. Bila kukinga siwezi hata kufika mpinzani wa tatu. Shemeji bila kukinga alikuwa ananiacha na pumzi moja tu, kila Jumapili, miaka sita. Nikaanza kujiuliza zile sita katika kumi nilizokuwa nachukua ni ngapi zilikuwa zangu kweli, na zile tatu nne alizokuwa anashinda yeye, alikuwa anashinda kwa sababu ameamua nisishtuke?

Sikumwambia mtu. Nikafunga sanduku, nikapangusa vumbi, Jumapili shemeji akaja, nikampa, nikamwambia tayari. Sikusema kwamba nimeunga cha nane. Nilitaka kuona. Tukaanza, mizunguko miwili nikashinda kama kawaida, wa tatu kidole chake kidogo kikagusa pembeni, nadhani kwa bahati mbaya, na mtu wake kwenye kioo cha runinga akainua mikono na kukinga. Nilipiga teke likagonga mikono. Mke wangu alikuwa anamimina chai, birika likasimama hewani. Shemeji akaacha kucheza, akakitazama kile kitufe, akakibonyeza tena taratibu, mara mbili, kama mtu anayegusa pasi kujua kama bado ya moto, na mara zote mbili yule mtu akakinga. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama dirishani. Halafu, Shangazi, nimeona kwa macho yangu haya, akakikunja kidole chake kidogo, akakibana pembeni mwa sanduku, na kuendelea kucheza kwa vidole vilivyobaki mpaka nikamshinda. Alipomaliza alisema neno moja tu.

"Umeunga vizuri, shemeji."

Akanywa chai, akaaga. Tangu siku ile mke wangu ananiongelesha vizuri kupita kiasi, mashine yake ya kushona inasimama kila nikikohoa, na mimi najitia hamnazo, kula nakula lakini sijui ninakula nini. Usiku silali vizuri na mchana najikuta nimeshika bisibisi sijui nafungua nini. Ninaona haya, nina hasira, na hasira yenyewe sijui niielekeze kwa nani, na zaidi ya yote nina kiu ya kujua. Je, walikula njama wawili hawa, au kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake? Mke wangu ananionea huruma kiasi gani, na kwa mambo gani mengine ambayo sijayafungua kwa bisibisi? Nimeshafikiria kuukata ule waya tena na kuufunga na uzi ule ule, niliuweka kwenye kisanduku cha kibiriti, ili kila kitu kirudi kama kilivyokuwa na tuendelee kuishi. Nimeshafikiria pia kuacha gemu kabisa. Jumapili inakuja na shemeji atakuja na mfuko wake. Nifanye nini?

Ni mimi,
Bingwa Asiyejua Kama ni Bingwa

*

Wewe Fundi,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Sikucheka, isipokuwa pale kwenye pedi, na pale nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Pole kwa uliyoyapata. Kuamka siku moja ukakuta taji lako lilishonwa na mkeo si jambo dogo kwa mwanamume yeyote, hata awe na mvi mbili tatu tu kidevuni.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwa upande wa kitaalamu. Tuna fundi umeme hapa ofisini ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mashine za sarafu, nikampelekea barua yako bila jina. Nilimuuliza mtu anaweza kucheza muda gani kabla hajajua kwamba kitufe cha kukinga hakifanyi kazi. Akasema dakika mbili, kama amesinzia. Kwa hiyo ndiyo, shemeji yako alijua, na alijua siku ile ile ya kwanza, kabla chai haijapoa. Ulilijua hili wewe mwenyewe. Ulitaka tu mtu mwingine akuandikie.

Na ushindi wako, umeuliza ni mara ngapi ulikuwa wa kweli. Nitakujibu bila kuumauma maneno, mara chache. Labda Jumapili moja aliyokuja na mafua, kama ipo. Kunywa maji, vuta pumzi, tuendelee, kwa sababu hilo ndilo dogo katika mambo uliyoniandikia.

Sasa nikugombeze, maana umejiletea. Unaniandikia kurasa nzima kwamba mkeo alikuonea huruma. Huruma, huruma, unajitazama kama mgonjwa aliyefichwa ugonjwa wake. Hebu rudi kwenye barua yako usome ulichoandika kwa mkono wako. Kaka yake alikupiga gemu, tena kwa maneno ya kuudhi, nakubali, ukamwonesha mlango. Miezi minne hakuja. Wewe ulikosa mpinzani. Mkeo je? Una mke mwenye ndugu mmoja duniani, na huyo mmoja umemfukuza kwa ajili ya vitufe, halafu kwa miezi minne mkeo anashona mapazia ya watu chumba cha mbele, na wewe nyuma ya pazia lako umenuna. Hujaandika hata sentensi moja kuhusu alivyokuwa katika miezi ile. Hata moja, Fundi. Unakumbuka rangi ya uzi na hukumbuki uso wa mwenye uzi.

Mkeo hakukata ule waya ili wewe uwe bingwa. Alikata ili kaka yake aweze kukaa nyumbani kwake tena. Aliwatazama wanaume wawili anaowapenda, akaona mmoja hawezi kushinda bila kutamba na mwingine hawezi kushindwa bila kufukuza watu, na kwa kuwa maneno kwenu hayakuwa yanaingia, akatumia vifaa vya kazi yake. Akakata, akazungusha uzi, akafunga fundo asije akaharibu nyaya nyingine. Mimi nimekaa kwenye ukurasa huu miaka mingi na nimeona ndoa zikiokolewa kwa mambo ya ajabu, lakini kwa mkasi wa kukatia nyuzi hii ni ya kwanza.

Alikosea kulificha jambo hili? Ndiyo, alikosea, na akitaka kuniandikia nitamwambia na yeye la kwake. Lakini hukuniuliza makosa yake, umeniuliza ufanye nini wewe.

Unauliza pia kama walikula njama. Sidhani. Watu waliokula njama hawatazamani vile birika likiwa hewani. Naona dada alikata akidhani kaka hatajua kilichotokea, atadhani sanduku limezeeka, na kaka alijua mara moja ni mkono wa nani, akanyamaza asimwaibishe. Wamekaa miaka sita kila mmoja anamlinda mwenzake na wote wawili wanakulinda wewe. Halafu tazama na hili. Mashine ilipokufa, dada mtu alisema sanduku liachwe. Kaka mtu alikataa, akalileta kwako wewe, wakati angeweza kulipeleka kwa fundi mwingine yeyote au kununua jipya. Mtu mwenye jicho kama lile alijua utafungua na alijua utakuta nini. Mimi nasema alikuwa amechoka, hakuchoka kushindwa, alichoka kukutazama ukishinda uongo.

Na wewe ukafanyaje? Ukaunga, ukanyamaza, ukampa kifaa chake bila kumwambia ulichokigusa ndani, ukakaa kumtazama kama aliyetega mtego. Fundi mzima. Mteja akikuletea redio ya sauti ndogo na wewe ukaiongeza sauti bila kusema, akaiwasha ikampasua masikio, utasema nini? Hata mkono wako una adabu kuliko wewe, kwa sababu mkono uliona kitu kimekatika na kukiunga hapo hapo. Kichwa ndicho kilichofika kikaanza kufanya upelelezi.

Kwa hiyo fanya hivi.

Waya usiukate. Utoe uzi kwenye kile kibiriti na uutupe, leo, kabla hujaendelea na pasi ya mtu. Hutaishi na ushahidi mfukoni ndani ya nyumba yako.

Ukishautupa, vuka pazia. Usisubiri Jumapili, na usimsubiri mke wako akuulize. Nenda akiwa amezima mashine ya kushona, kaa kwenye kile kiti cha wateja, na usianze na neno kwa nini, maana likitoka kinywani mwa mume aliyenuna huwa ni hukumu tayari. Mwambie umefungua sanduku, umeona, umeunga. Mwambie hujakasirika, na kama umekasirika mwambie umekasirika kidogo na itapita. Halafu mwambie lile ambalo hujamwambia kwa miaka sita, kwamba miezi ile minne ulikosea. Baada ya hapo nyamaza, na yeye akilia usianze kutafuta bisibisi. Mpe nafasi aseme yake, na yakiwa machungu, kaa hapo hapo kwenye kiti.

Shemeji akija mpe taarifa ya kazi kama unavyompa mteja yeyote anayekuheshimu. Mwambie vitufe vyote vinane vinafanya kazi, na kwamba ungependa avitumie vyote vinane. Lile jina la Mlango Wazi lifute wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele ya wale wale ambao ulimpa jina hilo mbele yao. Ukiona kidole chake kidogo kimejikunja tena, simamisha mchezo na umwombe akikunjue. Mwombe kistaarabu, yeye ni mkubwa katika mchezo huu na mwenyeji wako katika familia hii.

Kisha cheza. Utapigwa, Fundi, nakwambia mapema ili usije ukaniandikia tena. Utapigwa mara tano, mara kumi, na pengine shemeji atasahau akaanza kucheka vile alivyokuwa anacheka zamani, kwa sababu watu hawabadiliki sana, na masikio yako yatawaka moto. Jifunze kwake. Muulize anavyokwepa bila kukinga, hakuna anayejua hilo kuliko yeye, na wewe si umesema ni mdadisi? Mdadisi wa kweli akipigwa huuliza amepigwaje.

Ubingwa wako umeniuliza mimi kama upo. Mimi sijui, na kwenye kioo cha mashine pia hutauona. Utajulikana Jumapili, utakapokuwa umepigwa mara ya ishirini, moja zaidi ya zile zilizokushinda, shemeji anasimama anakunja waya wake kuondoka, na mke wako amesimama mlangoni na kikombe mkononi, anasubiri kusikia utasema nini.

Sema, "Shemeji, Jumapili ijayo usichelewe."

Shangazi